Jaribio la Majina Thelathini

Ilikuwa mwaka wa 2024, msimu wa baridi, mwezi wa Agosti ulipokuwa umeanza na shule zimefungwa. Katika mitaa ya Eastlands jua lilichomoza nyuma ya mawingu na kubaki huko huko mpaka jioni, na nguo zilizoanikwa kwenye roshani za Kariobangi Kusini zilishinda na kulala kambani bila kukauka.

Celine Aluoch, msichana wa Gredi ya Saba, aliishi katika chumba kimoja cha orofa ya tatu pamoja na mama yake, Perez, na mdogo wake Oketch, aliyekuwa na umri wa miaka sita. Mama aliondoka alfajiri kwenda Soko la Burma, ambako alisonga ugali na kukatakata kachumbari katika hoteli ya nyama choma. Kwa hiyo kazi za asubuhi zilikuwa za Celine. Alipanda ngazi na mitungi ya maji, akapika uji, akamwamsha Oketch na kumpa kidonge chake cha kila siku. Halafu alimvisha soksi mbili mbili na sweta juu ya sweta. Hakufanya hivyo kwa kumdekeza. Oketch alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, unaozifanya chembe za damu zijipinde na kuziba mishipa, na hakuna kitu kilichouamsha ugonjwa huo upesi kama baridi. Ulipoamka, mtoto alilia kwa maumivu ya mifupa mpaka sauti ikamkauka.

Alasiri Oketch alipokuwa kwa jirani, Celine alikwenda katika ukumbi wa vijana, ambako Mwalimu Kitonga aliwafundisha watoto matumizi ya tarakilishi wakati wa likizo. Mwalimu Kitonga alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya upili. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kusema jambo mara moja tu.

Likizo hiyo alikuwa na kazi maalumu. Kwa miaka mingi zahanati ya mtaa ilikuwa imehifadhi habari za wagonjwa katika kadi za karatasi. Sasa kadi zote zilikuwa zimenakiliwa katika hifadhidata, na kila safari ya kila mgonjwa ilikuwa mstari mmoja katika jedwali refu lenye laki nyingi za mistari. Mwalimu alikuwa ameombwa atunge programu ya kumtafuta mgonjwa humo, nayo ilihitaji kujaribiwa kabla ya kutumiwa.

Siku ya kwanza aliinua kitabu cha sayansi na kuwauliza watoto wangetafutaje habari za mapafu. Walijibu kwamba wangefungua faharasa, ile orodha ya maneno iliyo mwishoni mwa kitabu, iliyopangwa kwa alfabeti pamoja na nambari za kurasa. Mwalimu alikubali. Akawaeleza kwamba hifadhidata nayo huwekewa faharasa, ili isisome mistari yote kutoka juu hadi chini kila inapoulizwa swali. Lakini aliwaonya kwamba faharasa kuwapo si sawa na faharasa kutumiwa. Hifadhidata yenyewe ndiyo huamua njia ya kupita, na kila aina ina tabia yake. Yeye alikuwa ametunga programu nyumbani kwa kutumia aina iitwayo MySQL, ilhali zahanati ilikuwa na aina nyingine, PostgreSQL. Swali lile lile lingeweza kupita njia mbili tofauti.

Tena kulikuwa na jambo la watu wa Eastlands wenyewe. Mtu akifika dirishani hutaja majina kwa mpangilio aupendao. Mtoto aliyeandikwa Owiti Oketch siku ya kuzaliwa huletwa na mama yake kama Oketch Owiti. Mama Msomali hutaja jina la mtoto, la baba na la babu, na safari ijayo akaliacha la babu. Kwa kuwahurumia makarani, Mwalimu aliiandika programu ilitafute jina lolote, popote lilipo katikati ya majina mengine. Hakuwa na hakika kwamba njia hiyo ingekuwa ya haraka, na hilo ndilo alilotaka kulijua.

Kazi ya kulijua alipewa Celine, kwa kuwa ndiye aliyekuwa makini kuliko wote. Hakuruhusiwa kuona majina ya wagonjwa wa kweli, kwa maana habari za mgonjwa ni siri yake. Alitakiwa aiamuru tarakilishi ya ukumbi itunge majina ya uongo, laki mbili katika kila hifadhidata, kisha atafute kwa kila namna na kupima muda. Tarakilishi ilikuwa nzee. Kuijaza kungechukua alasiri nzima, na mtu alipaswa kukaa nayo, kwa sababu umeme wa ukumbi ulikuwa na tabia ya kukatika, na ukikatika ilibidi kuanza upya.

"Usipunguze," Mwalimu alimwambia. "Hesabu ndogo hainiambii kitu."

Siku ya kuifanya kazi hiyo, Ijumaa, kulikuwa na mazoezi ya ngoma huko Dandora, na vijana wa mitaa mingi walikuwa wakienda kutazama. Shirleen, rafiki yake Celine, aliegemea mlango wa ukumbi akiwa amevaa viatu vyake vipya.

"Niaje, Prof," alisema. "Bado uko na hiyo mashine? Kwani ni mtoto wako, utalia ukimwacha?"

Celine alimwambia kwamba majina yalikuwa hayajajaa.

"Si uweke kidogo tu. Kompyuta haijui kuhesabu kama mwalimu hayuko."

Celine alicheka, na kicheko kikamlainisha. Akaisimamisha kazi aliyoianza, akaingiza majina thelathini katika kila hifadhidata, akatafuta. Majibu yalitokea kabla hajauinua mkono wake. Alitafuta jina la mwanzo, la mwisho, la katikati, na yote yalikuja vivyo hivyo. Akajiambia kwamba kilicho haraka kwa thelathini ni haraka kwa wote, akazima tarakilishi, wakaenda Dandora.

Jumatatu Mwalimu Kitonga alimwuliza kama alijaza mistari yote. Celine alisema ndiyo. Mwalimu, ambaye hakuwa na mazoea ya kuuliza mara mbili, safari hiyo aliuliza.

"Yote?"

"Yote, Mwalimu. Kila swali lilikuwa haraka."

Mwalimu alimshukuru mbele ya wenzake, nao wakampigia makofi. Celine alitazama vidole vyake mpaka makofi yakaisha.

Wiki iliyofuata, asubuhi ya baridi kali, Oketch aliamka akilia. Alishika mapaja yake na kusema mifupa ilikuwa ikichomwa. Mikono yake ilikuwa imevimba. Celine alimpigia mama simu, lakini simu iliita mpaka ikanyamaza. Alijua ilipokuwa: ndani ya mkoba, mkoba umetundikwa msumarini nyuma ya jiko la hoteli, na mama mbele ya sufuria, katikati ya kelele za wateja. Ndani ya mkoba huo pia kulikuwa na kadi ya Oketch yenye nambari yake ya zahanati. Akamfunga Oketch mgongoni kwa leso, akaweka blanketi juu yake, akashuka ngazi polepole kwa sababu kila kidato kilimwumiza mtoto.

Katika zahanati, foleni ilikuwa imeujaza ukumbi wa kungojea, ikatoka mlangoni na kuzunguka ukuta. Watu walikuwa wamejikunyata chini ya leso na makoti. Celine alisimama nyuma kabisa, akauliza mtu wa mbele yake kulikuwa na nini. Mtu huyo, mzee mwenye kofia ya sufu, alimwambia kwamba ilikuwa siku ya kwanza ya kutumia mashine mpya.

"Zile kadi za karatasi zilikuwa na miguu kuliko hii," mzee alisema. "Hii inatafuta tangu asubuhi. Labda nayo ni mgonjwa."

Wachache walicheka. Celine hakucheka. Aliyakumbuka majina yake thelathini.

Karibu na mlango alikuwapo mama mmoja, Fartun, muuza vitambaa, aliyekaa jengo la pili kutoka kwao. Alikuwa amempakata binti yake Qamar, ambaye alikuwa na kikohozi kizito. Alipomsikia Oketch akilia aligeuka, akamtazama mtoto, akamtazama aliyembeba.

"Abaayo, mama yako yuko wapi?" aliuliza. Hivyo ndivyo alivyozoea kuwaita wasichana wa mtaa, maana yake dada.

Celine alimwambia yuko kazini, hashiki simu.

"Njoo hapa mbele yangu. Huyu wangu anakohoa, lakini huyo wako anachomeka."

Wengine waliona, na hakuna aliyenung'unika. Celine alichukua nafasi hiyo, naye Fartun akaenda kuanza nyuma ya mzee mwenye kofia. Kabla ya kwenda alimfunika Oketch miguu kwa kitambaa chake mwenyewe.

Foleni haikusogea. Dirishani alikaa karani aitwaye Simiyu, akiwa na kalamu sikioni ambayo hakuihitaji tena. Aliandika jina, akabonyeza, akangoja. Juu ya kioo cha mashine duara dogo lilizunguka bila kuchoka. Mgonjwa alingoja, Simiyu alingoja, foleni ilingoja. Baada ya muda mrefu jina lilitokea, na kazi ikaanza upya kwa mwingine. Katika dirisha la pili na katika chumba cha daktari hali ilikuwa ile ile, na kila mmoja alipotafuta aliwachelewesha wengine wawili.

Muuguzi aliyekuwa zamuni, Sista Idil, alipita akimkagua mmoja baada ya mwingine. Alimgusa Oketch mikono na paji la uso, uso wake ukabadilika. Aliwaleta ndani, akampa maji ya uvuguvugu na dawa nyepesi ya maumivu. Dawa kali hakumpa. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba alikumbuka mtoto huyo aliwahi kuvimba koo kwa sindano fulani, lakini hakukumbuka ni ipi. Jina la dawa hiyo lilikuwa katika habari zake. Kadi za zamani zilikuwa zimetiwa ndani ya magunia na kupelekwa ghalani, upande mwingine wa jiji.

"Unakumbuka ilikuwa dawa gani?" alimwuliza Celine.

Celine hakukumbuka. Siku ya sindano ile alikuwa darasani. Alikumbuka tu mama alivyorudi jioni akiwa amesawijika uso.

Basi wakarudi kungojea katika foleni mpaka zamu yao ya dirishani ikafika. Celine alimwambia Simiyu kwamba kama angeandika nambari ya mgonjwa, mashine ingejibu mara moja, kwa sababu nambari zilikuwa na faharasa yake isiyo na utata. Simiyu aliuliza nambari. Celine aliufikiria ule msumari wa Burma, akatikisa kichwa.

"Basi ni jina," Simiyu alisema. "Ikisema inatafuta, acha itafute. Mimi si fundi wake, binti."

Akaandika Oketch, na duara likaanza kuzunguka.

Celine alilitazama duara hilo kama mtu anayetazama maji yakiingia nyumbani. Alijua sasa lilikuwa likifanya nini. Lilikuwa likisoma mstari wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, safari za watu waliopona zamani na watu waliohama, laki baada ya laki, likitafuta herufi chache katikati ya majina yote. Mambo hayo yangeonekana Ijumaa ile ukumbini. Yangeonekana na mtu aliyekaa kitini pake.

"Dada," Oketch alisema, "wameshapata?"

"Bado."

"Waambie ni mimi."

Celine alimshusha na kumpakata. Alimsugua miguu kwa viganja vyake, akamsimulia habari za paka wa jirani, akamwimbia. Hakuna kilichosaidia. Majina ya watu wengi wenye kuitwa Oketch yalitokea mwishowe, wazee na vijana, ukurasa baada ya ukurasa, na Simiyu alipojaribu kuupunguza utafutaji, duara lilianza tena kutoka mwanzo. Wakati huo Oketch aliacha kulia, akafumba macho na kupumua kwa haraka, na ukimya wake ulimtisha Celine kuliko kilio.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu hapo aliyejua. Hata akisema, maneno yake hayangelisukuma duara lile mbele. Lakini alikuwapo mtu mmoja tu aliyeweza kufanya kitu, na mtu huyo alikuwa ameambiwa uongo. Simu ya Celine ilikuwa imeisha salio kwa kumtumia mama ujumbe kila alipokosa kupokea. Akambeba tena Oketch, akatoka mpaka mwisho wa foleni, akamwomba Fartun simu yake. Fartun aliitoa bila kuuliza.

Mwalimu Kitonga alipopokea, Celine alisema yote kwa mfululizo: kwamba zahanati imekwama, kwamba Oketch ni mgonjwa, kwamba yeye hakujaza mistari ile.

"Ulijaza mingapi?"

"Thelathini, Mwalimu."

Kwa mbali Celine alisikia watu wakizungumza. Mwalimu alikuwa mkutanoni shuleni.

"Nakuja," alisema.

Akaja, lakini kutoka shuleni kwake mpaka Kariobangi palikuwa mbali, na Celine alikaa sakafuni kichwa cha Oketch kikiwa mapajani mwake muda wote huo. Mwalimu alipoingia hakumsemesha. Alimtazama mtoto, akamwomba Simiyu kiti. Kila hifadhidata ya aina hii ina amri ya kuitaka ieleze njia itakayopita kabla ya kutafuta. Mwalimu aliiandika amri hiyo, na PostgreSQL ikaeleza bila haya kwamba ingesoma jedwali zima. Faharasa ya majina ilikuwapo, na haikuguswa.

Mwalimu aliomba madirisha yote yasimamishe kazi. Akaunda faharasa mpya iliyoufuata mfumo wa maswali ya programu, akabadilisha swali lenyewe lianze na mwanzo wa majina badala ya kutafuta popote. Hata hapo hapakuwa na muujiza. Ili kuunda faharasa, hifadhidata ilipaswa kwanza kuisoma mistari yote, na kwa muda huo hakuna aliyetafutiwa chochote. Foleni nzima ilikodolea macho mgongo wa Mwalimu Kitonga. Hakuna aliyefanya mzaha tena.

Mashine ilipokuwa tayari, Simiyu aliandika Oketch. Walitokea watu, naye mdogo wake Celine hakuwamo.

"Jaribu Owiti," Celine alisema. "Labda waliandika jina la baba kwanza."

Simiyu aliandika Owiti Oketch. Duara halikupata hata nafasi ya kuzunguka. Sista Idil aliinama juu ya bega la karani, akasoma jina la dawa iliyokatazwa, akaondoka mbio kuandaa nyingine.

Oketch alipata usingizi muda mfupi baada ya sindano. Celine alitoka kumrudishia Fartun kitambaa chake, lakini foleni ilikuwa imepungua na Fartun hakuwamo. Simiyu alimwambia kwamba mama yule alikuwa amengoja mpaka wakati wa kumchukua mwanawe mwingine madrasani, akaondoka bila kuonwa. Kikohozi cha Qamar kilisikika mpaka langoni.

Celine alisimama na kitambaa mkononi. Nafasi ambayo Fartun angeitumia ndiyo aliyokuwa ameitumia yeye.

Mama alifika alasiri, baada ya kuusoma ujumbe wa Celine, aproni ikinuka moshi, pumzi juu juu. Alimkumbatia Oketch kwanza. Kisha Celine akamweleza, mbele ya Mwalimu Kitonga, sababu ya foleni ile. Mama hakupaza sauti. Alisema tu kwamba hangependa kuzungumza mpaka moyo wake utulie. Maneno hayo yalimwuma Celine kuliko kofi.

Ndipo Mwalimu Kitonga alipoketi karibu naye kwenye benchi. Ubaoni nyuma yao palikuwa pamebandikwa tangazo la chanjo. Alilibandua, akamwekea mikononi.

"Tafuta neno 'mtoto' hapa," alisema. "Utafungua faharasa?"

"Hapana, Mwalimu. Ni karatasi moja tu."

"Utaisoma yote, na utakuwa umefanya vyema. PostgreSQL ilifanya hivyo hivyo kwa majina yako thelathini. Iliiacha faharasa kwa sababu haikuihitaji. MySQL huenda iliitumia, huenda haikuitumia. Kwa thelathini hatuwezi kuona tofauti. Zote mbili zilikujibu kweli, Celine. Ni wewe uliyenijibu mimi uongo."

Celine aliinamisha kichwa.

"Nami ninalo langu," Mwalimu aliendelea. "Nilipokea neno la mtoto na kulipeleka mahali ambapo watu wanaumwa, bila kuketi mwenyewe nikajionea. Nimekwisha kumwambia Sista hivyo. Lakini kazi niliyokupa bado haijafanywa, na bado naihitaji."

Jumamosi Celine alifungua ukumbi mapema. Aliiamuru tarakilishi ianze kutunga majina, akakaa. Umeme ulikatika, akaanza upya. Ulikatika tena, akaanza upya tena. Adhuhuri Shirleen alikuja na mandazi ndani ya karatasi, akavuta kiti, akaketi.

"Hii kitu ni polepole, bana," alisema baada ya muda.

"Ndiyo."

"Na lazima ujaze yote?"

"Lazima."

Shirleen alitafuna, akatazama kioo. "Mimi ndiye nilikuambia uweke kidogo," alisema. Celine akamjibu kwamba mikono iliyobonyeza ilikuwa yake mwenyewe. Shirleen hakuondoka.

Hifadhidata zilipojaa, tabia zake zilijitokeza wazi. Jedwali la MySQL lilikuwa kama kamusi: mistari yenyewe ilikuwa imepangwa kwa nambari ya mgonjwa, hivi kwamba kuipata nambari ni kuupata mstari. Jedwali la PostgreSQL lilikuwa kama kitabu cha sayansi: mistari ilikaa ilivyoingia, na faharasa zilikaa kando zikielekeza kurasa. Kwa namna MySQL ilivyowekwa, Owiti na OWITI walikuwa mtu mmoja, na faharasa ya kawaida ilitosha. PostgreSQL iliwaona kama watu wawili. Kwa hiyo programu iliyageuza majina yote kuwa herufi ndogo kabla ya kuyalinganisha, na faharasa iliyopangwa kwa majina yasiyogeuzwa haikufaa tena; ilihitajika nyingine ya herufi ndogo. Lakini katika jambo moja zilifanana. Celine alipotafuta jina popote katikati ya majina mengine, faharasa za kawaida za zote mbili hazikusaidia, na duara lilizunguka na kuzunguka. Alilitazama mpaka mwisho kila mara, bila kuinuka.

Jumatatu alimpa Mwalimu matokeo yote, pamoja na yale yaliyokuwa mabaya. Mwalimu aliyasoma, kisha akarudia majaribio kadhaa kwa mkono wake mwenyewe, Celine akiwa amesimama kando. Halafu akawauliza watoto wangefanyaje, ikiwa watu wa mtaa hawataacha kutaja majina kwa mpangilio waupendao. Baada ya mabishano marefu walikubaliana kwamba kila jina la mtu liwekwe katika mstari wake peke yake, pamoja na nambari ya mgonjwa mwenyewe. Hapo kila jina lingekuwa na mwanzo wake katika faharasa, na Owiti Oketch angepatikana kwa Owiti au kwa Oketch, au kwa yote mawili pamoja, katika hifadhidata ya aina yoyote. Siku chache baadaye Mwalimu alifanya mabadiliko hayo zahanatini, na hakuyaacha mpaka yeye na Simiyu walipoketi asubuhi nzima wakiyajaribu.

Nyumbani, mama alikuwa amepata muda wa kutulia. Jioni moja walipokuwa wakichambua sukuma wiki, alizungumza.

"Mwanangu, mimi sijui mambo ya tarakilishi. Lakini mtu akinipa sufuria na kuniambia ugali umeiva, nitawapakulia watu. Sitauonja kila mara. Ndivyo watu wanavyoishi pamoja: kila mmoja anakula kazi ambayo hakuiona ikifanywa. Ukisema umefanya, uwe umefanya. Na kama hukufanya, sema hukufanya siku hiyo hiyo, wakati bado haijamwuma mtu."

"Nimesikia, Mama."

"Na yule mama wa vitambaa?"

Celine alikuwa amekwenda kwake mara mbili akakuta mlango umefungwa. Jirani alimwambia kwamba Qamar alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake kupumzika. Kitambaa bado kilikuwa kimekunjwa kwenye rafu.

Mwisho wa likizo Oketch alitakiwa kurudi zahanatini kuonwa. Celine alimfikisha mapema, akashika nafasi karibu kabisa na dirisha. Kitambaa alikuwa nacho mfukoni, kama alivyokuwa nacho kila alipotoka. Foleni iliendelea kurefuka nyuma yao, na ghafla alisikia kikohozi alichokijua. Fartun alikuwa ameingia na Qamar, akasimama mwisho kabisa, karibu na lango.

Celine alimshika Oketch mkono, wakatembea kandokando ya watu wote mpaka huko. Akamwamkia, akampa kitambaa kwa mikono miwili.

"Mama Qamar, nenda mbele. Nafasi yetu ni ile yenye kiti kitupu, baada ya mwanamume mwenye fimbo. Ni yako."

Fartun alichungulia dirishani. Simiyu aliandika jina, akaita. Akaandika jingine, akaita.

"Abaayo, siku hizi foleni inakimbia," alisema. "Sasa hivi nitafika tu."

"Hata hivyo ni yako," Celine alisema. "Siku ile mlirudi nyumbani bila dawa kwa sababu yangu."

Fartun alimtazama usoni kwa muda, kama anayepima kitambaa kabla ya kukata. Kisha akamwinua Qamar begani, akaenda mbele, akaketi katika kile kiti. Celine na Oketch wakasimama mwisho wa foleni, wakangoja zamu yao.